Nilivyoapa Kwamba Ng'ombe Iko na Mimba

Mimi naongea sana, na nikikasirika naongea mara mbili. Watu wa Kitale wanaonijua watakwambia hivyo bila kuulizwa, na sitabishana nao, kwa sababu nikibishana nitakuwa nimewapa ushahidi. Lakini hii ya ng'ombe wasikudanganye. Wengi wao hawakuwa hapo. Mimi nilikuwa.

Ilikuwa ile miaka simu za mkononi zinaanza kufikia watu kama sisi, mnachanga watu watatu simu moja. Nilikuwa na kibanda cha kutengeneza redio karibu na soko, kazi niliyojifundisha mwenyewe kwa kufungua redio ya babu yangu na kushindwa kuifunga. Shule niliiacha njiani. Mengine yote niliyasoma kwa magazeti ya kufungia nyama, ndiyo maana kuna habari nyingi za dunia ambazo najua mwanzo na sijui mwisho. Mwisho ulienda na mteja mwingine.

Rafiki yangu alikuwa anauza maziwa kwa baiskeli. Yeye haongei. Ukimwuliza habari ya asubuhi, anafikiria kwanza. Marehemu babake alimwachia kipande cha shamba nje ya mji, upande wa kwenda Kapenguria, na mimi nilikuwa nakaa kwa chumba kimoja hapo kwake. Alinipokea wakati sina pa kulala, hakuuliza nitatoka lini, na tangu siku hiyo mtu akitaka kumgusa huyo, anaanza na mimi.

Sasa, huyu rafiki yangu alikuwa na msichana kutoka Bungoma, huko nyuma ya Kibabii. Wakakaa pamoja kama bwana na bibi, vizuri tu, isipokuwa jambo moja: rafiki yangu hakuwa ameenda kwao kujitambulisha hata siku moja. Watu wa msichana wakangoja. Wakachoka kungoja. Asubuhi moja kaka zake wawili wakafika na mashati yamepigwa pasi, wakakunywa chai, wakashukuru kwa chai, wakamwambia dada yao afunge nguo. Hawakutukana mtu. Kwetu hivyo ndivyo inafanywa: ukikaa na mtoto wa watu bila ng'ombe kutembea, wenyewe watakuja kumchukua pole pole, na utamwona tena siku utafika kwao na adabu.

Mimi nilitaka tupigane. Rafiki yangu akanishika shati kutoka nyuma, vile watu wanashika mbwa mgeni akipita, mpaka wakaenda. Halafu akaosha vikombe vyote. Kutoka siku hiyo akaanza kukonda. Alikuwa anapeleka maziwa kwa nyumba ambazo hazijaagiza na anapita zile ambazo zimeagiza, na wateja walikuja kulalamika kwangu, kwa sababu kwake hawangepata jibu.

Basi tukaenda Bungoma kuomba msamaha na kuongea mambo ya mahari. Msemaji wetu alikuwa baba mkubwa wa rafiki yangu, mzee mpole ambaye anapenda kila mtu akubaliane haraka ndiyo chakula kiletwe. Mimi niliambiwa waziwazi kazi yangu.

"Wewe utabeba kreti ya soda," baba mkubwa akasema. "Ukishaiweka chini, umemaliza."

"Na wakimwonea?"

"Tafadhali. Umemaliza."

Nikaweka soda chini. Nikakaa kwa kistuli karibu na mlango, mdomo umefungwa, naangalia ukuta. Nilikuwa naendelea vizuri sana.

Shida ilikuwa moja. Yule msichana mamake alifariki akiwa mdogo, akalelewa na senje, yaani dada ya babake. Kwa hivyo senje ndiye alikuwa mama mkwe, na kwetu mtu na mama mkwe wake hawakai nyumba moja, hawasalimiani kwa mkono, hata kuangaliana usoni ni makosa. Rafiki yangu, mwenye maneno yote, mwenye ng'ombe yote, aliwekwa nje chini ya dirisha, mgongo kwa ukuta. Kama alikuwa na la kusema, alikuwa anakohoa.

Senje alikuwa mama mrefu, wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani na gambuti za wanaume miguuni kwa sababu alikuwa ametoka shambani na hakuona haja ya kutubadilishia viatu. Alikuwa amefanya kazi ya ukunga mpaka akastaafu. Nusu ya wale walikuwa wameketi hapo ndani, yeye ndiye alikuwa mtu wa kwanza kuwachapa makofi.

Ng'ombe wengine walikubaliwa bila kelele, watembee pole pole vile tutawapata. Ikabaki ile ya senje mwenyewe, ya kumshukuru kwa kulea.

"Yangu nataka iwe na mimba," akasema. "Mimi nimezeeka. Sina wakati wa kungojea mtamba afikirie maisha."

"Hiyo iko, mama," baba mkubwa akasema. "Kijana wetu ako na mtamba mzuri sana, wa gredi, damu ya kizungu."

"Na iko na mimba?"

Baba mkubwa akaangalia dirisha. Dirisha likakohoa. Kikohozi kimoja, kifupi, hakuna mtu angesema kama ni ndiyo ama ni vumbi.

"Nadhani iko," baba mkubwa akasema.

"Unadhani."

"Nadhani, mama."

Watu wakaangaliana. Kaka mmoja wa msichana akacheka kwa pua. Hiyo ya kucheka kwa pua ndiyo iliniinua. Sikumbuki nikisimama, nakumbuka kistuli kikianguka.

"Hakuna kudhani hapa!" nikasema. "Mimi najua! Hiyo ng'ombe iko na mimba, mimba ya sindano, ya ndume ya ng'ambo, na ndama itakuwa nyeusi na nyeupe kama mamake. Naapa mbele ya hii nyumba yote!"

Dirisha likakohoa mara nyingi sana.

"Inua kistuli," senje akasema. "Hicho hakijakukosea." Nikainua. "Wewe ni nani kwa huyo kijana aliye nje?"

"Rafiki yake."

"Na kwa ng'ombe?"

Nyumba ikacheka. Hata baba mkubwa wetu, na alikuwa upande wetu.

"Nilishika kamba daktari akiipandisha, sasa ni mwezi na nusu," nikasema. "Nilikuwa karibu hivi, kama mimi na wewe."

"Ukaona akiweka mbegu."

"Kwa macho yangu."

"Ukaona ikishika?"

"Sasa senje, hiyo nani anaweza kuona?"

"Ndiyo nakuuliza."

"Lakini tangu siku hiyo haijalia! Ng'ombe ikitaka ndume inalia, kila mtu anajua. Hii imenyamaza kabisa. Imeshika."

"Hata mimi nilikuwa nimenyamaza saa hii yote ukipiga kelele," senje akasema. "Nimeshika?"

Walicheka mpaka mzee mmoja akaanza kupigwa mgongo. Mimi masikio yalikuwa moto. Wakati huo yule msichana mwenyewe akaingia na beseni na birika ya maji ya kunawa, akapita mbele yangu, akaniinamia kama ananimwagia maji.

"Shem, punguza," akasema chini chini. "Ataniweka hapa mpaka Krismasi."

Na alikuwa amekonda pia. Hiyo ndiyo niliona. Yule wa nje amekonda na huyu wa ndani amekonda, na katikati yao kuna ukuta mmoja na mimi.

Senje alinawa, akapangusa mikono pole pole, halafu akaniambia maneno ambayo sijawahi kuyapata kwa gazeti lolote la nyama.

"Kijana, mimi nimeshika matumbo ya wamama miaka mingi. Kuna yule anakuja anasema, senje, nadhani niko nayo. Kwa nini? Jana alitapika, na jirani amemwambia amenawiri. Huyo namwambia aende anywe chai. Kesho jirani akimwambia amekonda, atadhani ingine. Kuna yule anaamini. Ameacha kubeba mtungi wa maji, ameambia bwana yake, ameshona nguo za mtoto. Huyo siwezi kumcheka, kwa sababu ameweka maisha yake hapo. Lakini kuamini kwake hakujaweka mtoto ndani. Halafu kuna yule anajua. Yule anajua, ukimwuliza amejuaje, anakuonyesha njia alipitia. Na hakasiriki." Akaniangalia. "Wewe umekasirika."

"Nimekasirika kwa sababu mnamfanya rafiki yangu mwongo!"

"Rafiki yako hajasema kitu. Amekohoa tu. Wewe unaamini ng'ombe, ama unaamini rafiki yako?"

"Rafiki yangu!"

"Hiyo ni nzuri, na nimefurahi mtoto wangu atakuwa jirani ya mtu kama wewe. Lakini rafiki yako siye aliyebeba mimba."

Uamuzi ukatoka hapo. Msichana ataruhusiwa kurudi Kitale siku mtu atamwambia senje kwamba ng'ombe iko na mimba, na amwambie amejuaje. Hataki aliyedhani. Na anayeamini, yeye atamweka kwa maombi. Kaka mmoja akauliza kwa nini daktari asiingize mkono kesho yake. Senje akasema kwa ng'ombe bado ni mapema, mkono wa daktari hautapata kitu cha kushika, kwa hivyo tungoje. Tukala kuku. Sikuionja vizuri.

Tukirudi, mimi niliongea na rafiki yangu mpaka tukafika karibu na nyumbani. Nilikuwa nimemweleza vile nimemtetea, nikarudia ile sehemu ya kistuli. Akasimama.

"Kile kikohozi changu cha kwanza," akasema, "kilikuwa kinasema sijui."

"Hukujua?"

"Ng'ombe ni yangu na sikujua. Wewe ndiye ulijua."

Hakusema kwa ubaya. Hapo ndipo ilinichoma.

Tukaanza kungoja. Na ukitaka kuona vile maoni hayana bei, ngojea ng'ombe yako mbele ya watu wa mtaa. Kila mtu alikuwa nayo. Mama wa mandazi akasema angalia macho, yakiwa makubwa ni mimba. Bawabu wa kinu cha unga akasema angalia manyoya. Kinyozi mmoja, ambaye nywele za ng'ombe hajawahi kuzikata, akasema imwagiwe maji baridi sikioni: ikitikisa kichwa tu, iko na mimba, ikitikisa mwili wote, hakuna. Tukaimwagia. Haikutikisa kichwa wala mwili, ilipiga ndoo teke, halafu ikanipiga mimi. Nikatangaza kwamba hizo ni hasira za mjamzito. Asubuhi nilikuwa nasema iko, jioni nikiona imelala vibaya nasema haiko, na katikati nagombana na yeyote anayesema tofauti na vile nimesema saa hiyo.

Rafiki yangu hakutoa maoni hata moja. Lakini nilianza kumwona. Alikuwa anaamka mapema kukata majani ya napia kabla ya maziwa. Aliacha kuifunga na kamba fupi. Siku moja nikatoka kazini nikamkuta anagongelea mabati kando ya zizi, kitu kidogo, cha kufika magotini.

"Hiyo ni ya kuku?"

"Ya ndama."

"Si ulisema hujui?"

"Sijui," akasema, na msumari mdomoni. "Leta hiyo nyundo ingine."

Nilimletea. Nikamkumbuka yule mama aliyesemwa na senje, anayeshona nguo za mtoto. Mimi kutwa naongea juu ya hiyo mimba na sijapoteza hata msumari. Huyu hajafungua mdomo, na mabati ya paa lake mwenyewe ameyang'oa mawili.

Kitu ambacho kilinisumbua zaidi wakati huo kilikuwa cha jirani. Alikuwa na kandume kafupi ka kienyeji, rangi ya kahawia, na nundu mgongoni kama mtu amebeba kifurushi. Alikatoa Lwakhakha, soko la mpakani, akasema katakuwa kakubwa. Hakakuwa. Tangu kabla ya safari ya Bungoma kalikuwa kanapita kwa ua wetu kama kuku, na sasa kanakula napia ya mjamzito. Nilikafukuza na fimbo, nikaenda kwa mwenyewe.

"Bwana, kandume kako kanatumaliza majani!"

"Ah, wacha kacheze," jirani akasema. "Hako si ni katoto tu?"

Na kweli, ukikaangalia kando ya ile ng'ombe ya gredi, kalikuwa kanamfika tumboni. Hakuna mtu alikafikiria zaidi ya hapo.

Mwishowe daktari wa mifugo akaja, yule yule wa sindano. Akavaa glavu ndefu mpaka kwapani, akapaka sabuni, akaingiza mkono, akaangalia mbinguni vile wanafanya, kama anasikiliza habari ya mbali. Rafiki yangu alishika kichwa cha ng'ombe. Mimi nilishika pumzi.

"Iko," daktari akasema.

Sitaki kusema nilifanya nini. Nilikimbia mpaka barabarani na kurudi. Nilimwambia mama wa mandazi, nikamwambia kinyozi, nikapiga kelele upande wa Bungoma kama senje anaweza kusikia. "Nilisema! Nilisema mimi najua! Wakanicheka!"

"Ngoja," daktari akasema. Mkono ulikuwa bado ndani. "Mimi nilikuja hapa lini?"

Rafiki yangu akamwambia.

Daktari akatikisa kichwa. "Hii ni changa kuliko hiyo. Yangu haikushika. Hii imepatikana baadaye, karibu mwezi mzima baadaye. Mlileta ndume gani?"

"Hatujaleta ndume," rafiki yangu akasema.

"Basi ilijileta."

Nakumbuka tuligeuka wote pamoja, bila mtu kuambia mwingine. Kandume kalikuwa kametoa kichwa kwa ua, kanatafuna napia yetu, kanatuangalia bila wasiwasi wowote. Jirani, ambaye alikuwa amekuja kutazama mkono wa daktari, akashtuka.

"Hako?" akasema. "Aah, daktari. Hako hakafiki!"

Daktari akavua glavu, akaangalia huku na huku, akaonyesha mtaro wa maji unaopita nyuma ya zizi. "Ng'ombe ikisimama humo ndani," akasema, "hata mbuzi wako atafika."

Nilikaa chini kwa ndoo. Watu walidhani nimefurahi kupita kiasi. Lakini nilikuwa nahesabu nyuma, naona kitu ambacho hakikai sawa kichwani. Siku ile kwa senje nilipoapa, mimba ilikuwa tayari iko. Sikusema uongo juu ya hiyo. Na sikusema kwa kubahatisha, nilikuwa na sababu zangu: nilishika kamba, niliona sindano, ng'ombe ilinyamaza. Yote ni kweli. Lakini sindano haikufanya kazi, na ilinyamaza kwa sababu ya kandume ambako mimi mwenyewe nilikuwa nakafukuza kwa ajili ya majani. Nilifika nyumba sahihi kwa njia ambayo haiendi huko.

Ni kama siku moja nilibadilisha waya kwa redio ya mteja, ikaongea papo hapo, nikajipiga kifua. Nikamweleza mteja mambo ya huo waya mpaka akachoka. Baadaye mtoto wake akaniambia wakati nimeinama kutafuta bisibisi yeye alibadilisha betri. Redio ilikuwa inaongea kweli. Mimi ndiye sikuwa najua kwa nini.

"Tumwambie iko na mimba, basi," nikamwambia rafiki yangu jioni hiyo. "Si ni ukweli? Daktari amesema iko."

"Atakuuliza umejuaje."

"Nitasema daktari aliingiza mkono."

"Atakuuliza ya lini. Huyo ni mkunga."

Na hapo ndipo shida ilikuwa. Senje aliapiwa ndama ya gredi, nyeusi na nyeupe, mbele ya nyumba yake yote. Sasa atapata kitu cha kahawia chenye nundu. Akisema hapana, msichana anabaki Kibabii mpaka tuanze upya na ng'ombe ingine, na ng'ombe ingine hatukuwa nayo. Rafiki yangu hangeweza kumpigia, mama mkwe ni mama mkwe hata kwa simu. Akanipa ile simu yetu ya kuchanga. Akakaa kwa kizingiti, akanipa mgongo.

Senje akashika haraka.

"Senje, iko na mimba!"

"Haleluya. Umejuaje?"

"Daktari aliingiza mkono, nikiwa hapo."

"Akasema ni ya lini?"

Nikaangalia mgongo wa rafiki yangu. Kwa maisha yangu sijawahi kukosa la kusema, na siku hiyo nilisikia salio likiisha polepole. Nilitaka kumdanganya. Nasema ukweli, kwa ajili ya huyo mtu ningedanganya askofu. Lakini nilijua ataniuliza swali lingine nyuma ya hilo, na lingine nyuma ya hilo, na nikakasirika. Nilimkasirikia senje, nikakasirikia daktari, nikakasirikia mtaro.

"Si ile ya sindano!" nikapiga kelele. "Ya sindano haikushika! Daktari amesema hii ni changa, ya baadaye. Siku ile niliapa, iko ilikuwa iko, lakini si ile niliapia! Na hatujaleta ndume yoyote, ila kuna kandume ka jirani, kafupi, ka nundu, kanapita kwa ua, na kuna mtaro!"

Nikatoa simu sikioni nikaiangalia. Nikadhani salio limeisha.

"Kandume kafupi," senje akasema.

"Ndiyo, senje."

"Hiyo ya kandume, unajua?"

Nilivuta hewa nijibu. Neno lilikuwa limeshafika kwa meno. Nikalirudisha.

"Hapana, senje. Hiyo naamini. Hakuna mtu aliona. Mimba ndiyo najua. Na ya kwamba si ya sindano, hiyo najua, kwa sababu daktari amenieleza ametofautisha namna gani. Kandume ni kuamini tu. Ndama ikizaliwa na nundu, nitakwambia ingine."

"Na wewe mwenyewe unaonaje, ni ndama nzuri kwangu? Kienyeji?"

"Hiyo sasa ni maoni, senje. Maoni yangu juu ya ng'ombe usiyachukue."

Nilisikia kitu kama mtu anakohoa, nikafikiri ni ugonjwa, kumbe senje anacheka. Alicheka mpaka nikasikia anaita watu wa nyumba, anawaambia njooni msikie, mtaro, mtaro! Halafu akarudi kwa simu.

"Njooni mchukue mtu wenu," akasema. "Leteni ng'ombe yangu. Na wewe wa kistuli, usikose."

Salio likaisha hapo hapo. Ndama ilipozaliwa, miezi mingi baadaye, ilikuwa ya kahawia na kanundu kadogo, senje akanipigia mwenyewe kuniambia. Lakini siku hiyo ya simu hakuna mtu alikuwa na hakika. Nilimgeukia rafiki yangu, nikamwambia, "Amekubali." Aliinama, akafunga kamba za viatu, ambazo zilikuwa zimefungwa.

Tulipofika Kibabii na ng'ombe kwa pikapu ya kukodi, senje alitoka na zile gambuti zake, akaishika ng'ombe ubavuni kwa viganja vyote viwili, akatulia, macho amefunga. Rafiki yangu alikuwa amesimama mbali nyuma ya mti wa mparachichi, uso ameugeuzia barabara, kama adabu inavyotaka. Senje hakuuliza mtu kitu. Aliifungulia kamba mwenyewe akaipeleka nyuma.

Msichana akatoka na sanduku. Senje akamwambia, "Nenda, kabla huyu wa kistuli hajaapa kitu kingine." Mimi nikabeba sanduku, kwa sababu nilijua nikisimama hapo nitajibu.

Pikapu ilikuwa imeshaenda, kwa hivyo tulitembea mpaka barabara kubwa. Tulipopita kona na nyumba ya senje haionekani tena, rafiki yangu alianza kuongea. Sijawahi kumsikia hivyo. Aliongea juu ya mteja wa maziwa aliyehama, juu ya mbwa wa jirani, juu ya daktari na glavu yake. Mimi nilibaki nyuma na sanduku, na nilinyamaza mpaka msichana akageuka.

"Shem, uko mgonjwa?"

"Hapana. Endeleeni."

Rafiki yangu alikuwa amefika kwa habari ya mvua. Alimweleza vile maji yaliingia pale alipong'oa mabati, yakaanguka kwa kitanda, akakihamishia upande ule mwingine, akalala usiku mmoja, halafu akakirudisha pale pale kunavuja.

"Kwa nini ulikirudisha?" msichana akamwuliza.

"Nilifikiri ukija usiku," akasema, "utakitafuta mahali kilikuwa."